Nafanya kazi kutwa, mazoezi nitayaweka wapi?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 38, nimeolewa, nina watoto wawili. Mkubwa ana miaka tisa, mdogo minne. Kazi yangu ni ya ofisini, upande wa hesabu. Naamka saa kumi na moja alfajiri niwaandae watoto na kujiandaa mwenyewe, saa kumi na mbili na nusu niko njiani, saa mbili niko kwenye kiti. Nikiinuka ni kwenda chooni au kwenye printa. Chakula cha mchana nakila hapohapo mezani huku nikijibu barua pepe. Nafika nyumbani saa moja usiku, na hapo zamu ya pili inaanza: jikoni, madaftari ya shule, nguo za kesho. Nikija kukaa chini ni saa nne na kitu na macho hayafunguki.

Mwezi uliopita lifti ya jengo letu iliharibika. Ofisi yetu iko ghorofa ya nne. Nilipofika ya tatu ilibidi nisimame, nimeshika chuma cha ngazi, mapigo ya moyo nayasikia masikioni. Mzee mmoja wa idara yetu, ambaye amebakiza muda mfupi tu astaafu, alinipita akiongea na simu na hata sauti haikumkatika. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa. Siku chache baadaye tukapimwa afya kazini, presha yangu ikasoma 134 kwa 86. Daktari akasema imeanza kupanda ila haijafikia ya dawa. Akaniambia, "Fanya mazoezi," akaita anayefuata.

Si kwamba sijajaribu, Shangazi. Nilishawahi kulipia jimu. Mwanzoni nilienda, kisha ukaja mwisho wa mwezi, kufunga hesabu, natoka kazini usiku, na huo ukawa ndio mwisho. Nikajiunga na wenzangu wanaokimbia alfajiri, naamka saa kumi na nusu. Mapaja yaliniuma hadi nikawa nashuka ngazi kwa kushikilia ukuta. Mtoto akaugua, nikakosa siku kadhaa, nikaona haya kurudi, nikajitoa kwenye kikundi kimyakimya. Kila Jumatatu nasema naanza. Raba nilizonunua ziko kabatini.

Mume wangu si mtu mbaya, lakini nikimwambia nataka nusu saa jioni nikatembee huniuliza, "Umeshinda umechoka, unakwenda kujichosha tena?" Na mimi mwenyewe naona vibaya kuwaacha watoto ambao sijawaona tangu asubuhi.

Naomba unisaidie. Niamke mapema zaidi? Kutembea tu kunatosha, au ni kujidanganya? Na nifanyeje safari hii nisiache?

Aliyeishiwa pumzi

*

Marahaba, mwanangu, na pole.

Nimeisoma barua yako kwa utulivu na sikuona uvivu ndani yake. Mvivu haamki saa kumi na nusu kwenda kukimbia gizani. Nilichokiona ni mtu anayejipangia mazoezi ya wiki ambayo haiji: watoto wazima, bosi katulia, hesabu hazina haraka, nawe mwenyewe una nguvu. Wiki kama hizo ni za kuhesabu kwa mwaka mzima. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu pako umepataja mwenyewe, ni mwisho wa mwezi. Basi anza kupanga kutokea hapo. Jiulize: ile wiki ya kufunga hesabu, katika siku iliyo ngumu kuliko zote, ni zoezi gani naweza kulifanya bila kumwomba mtu ruhusa? Hilo ndilo la kuanzia nalo, hata likionekana dogo kiasi gani. Siku njema utaongeza. Siku mbaya utafanya hilo tu, na utakuwa umefanya.

Kuamka mapema zaidi, hapana. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi, nawe kwa hesabu ya barua yako hufikishi. Kulala kidogo mfululizo kwenyewe kunachangia kupandisha presha, kunaongeza njaa, na kunafanya kila zoezi lionekane zito kuliko lilivyo. Mazoezi ya alfajiri ni mazuri kwa wanaopanda kitandani saa tatu. Ukiyafanya wewe sasa hivi utakuwa unakata usingizi ambao tayari ni mfupi, na mwili utaudai. Ukisikia mtu anasema wanaofanikiwa wote huamka saa kumi, mwache aamke.

Tuangalie muda ulio nao. Umeandika, kwa kupitia tu, kwamba chakula cha mchana unakila mezani huku unajibu barua pepe. Hapo nilisimama. Mapumziko ya mchana ni muda wako, nawe umekuwa ukiurudisha ofisini kila siku bila mtu kukuomba. Sisemi uchukue saa nzima. Nataka dakika kumi, na ninazitaka mara tu baada ya kula.

Nimechagua wakati huo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya mwili. Ukishakula, sukari inapanda kwenye damu, na misuli ya miguu ikiwa inafanya kazi huichukua na kuitumia palepale. Mtu anayetembea kidogo baada ya kula sukari yake haipandi juu kama ya yule anayerudi kukaa, na wengi husema hata ule usingizi mzito wa saa nane mchana unapungua. Sababu ya pili ni kwamba kula hutasahau. Zoezi lililofungwa kwenye jambo ambalo lazima utalifanya halihitaji ulikumbuke wala ulitafutie hamu. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer wa Ujerumani ameandika sana juu ya hili tangu miaka ya 1990: anayesema tu "nitafanya mazoezi" hutimiza mara chache kuliko aliyejipangia kabisa kwamba likitokea jambo fulani, mahali fulani, atafanya hivi. Kwa hiyo lako liwe na maneno yake, na uyaandike: "Nikishafunika chombo cha chakula, navaa raba, nashuka ngazi."

Umeona raba zilivyotajwa. Kesho zitoe kabatini uzipeleke ofisini, ziweke chini ya meza na soksi zake ndani. Kiatu kikiwa mbali, dakika kumi zinageuka ishirini na mwisho unaahirisha. Shuka, toka nje, tembea dakika tano kuelekea upande wowote, geuka, rudi. Huna haja ya kubadili nguo, kwa mwendo huo hutatoka jasho la kukuaibisha. Barua pepe zikusubiri, na simu ikae mfukoni.

Na ile wiki ya kufunga hesabu, siku ambayo hata dakika kumi hazipo? Shuka hadi chini, panda tena, kaa, endelea na kazi. Ni dakika chache tu, pungufu ya zile unazozisubiria printa ya ofisi nzima. Siku hizo usijaribu kufanya kubwa. Kazi yake ni moja, kuiweka hai ile saa ya mchana mpaka hesabu zifungwe.

Najua unawaza kwamba ngazi na matembezi ni mambo ya kujifariji, kwamba mazoezi ni yale ya kutweta na kulowa jasho. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kutwa nzima, konda akapanda na kushuka ngazi za basi akikata tiketi. Wanaume wale walikuwa wa kampuni moja, barabara zilezile, lakini makonda walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva. Haikuwa ngazi peke yake, maana Morris baadaye aliangalia sare zao akakuta suruali za madereva ni pana zaidi kiunoni, yaani walikuwa wanene zaidi. Hata hivyo, swali aliloliuliza kuhusu kukaa na kutembea halijaachwa tangu siku hiyo, na jibu limezidi kupata nguvu. Makonda wale hawakuwa wakienda popote kufanya mazoezi. Walikuwa kazini.

Sasa kiwango. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afikishe dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, na angalau siku mbili za kutia misuli nguvu. Kutembea kwa kasi kunahesabiwa kuwa ni mazoezi ya wastani. Mwongozo wa mwaka 2010 ulitaka kila kipande kifike dakika kumi ndipo kihesabiwe. Huu wa 2020 umeliondoa sharti hilo, kwa hiyo hata dakika nne za ngazi zimo. Kwako hiyo ni habari njema kuliko yoyote iliyotoka miaka ya karibuni, na inanisikitisha kwamba daktari wenu hakupata nafasi ya kukwambia.

Kasi utaijuaje? Kwa kuongea. Ukitembea na unaweza kumaliza sentensi lakini ukijaribu kuimba pumzi inakukatika, hapo ndipo penyewe. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kuongea, punguza. Usihangaike na kifaa chochote. Simu yako ikikuhesabia hatua na kukudai 10,000, usiumie nayo. Namba hiyo ilipata umaarufu Japani mwaka 1965 kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa kwa jina hilo la hatua elfu kumi, haikutoka kwa madaktari. Kutoka hatua 3,000 kwenda 5,000 kwa mtu anayekaa kutwa ni faida kubwa tayari.

Dakika 150 usizitafute wiki ya kwanza. Wiki mbili za mwanzo ni hizo kumi za mchana tu, Jumatatu hadi Ijumaa. Zikikaa, shuka basi kituo kimoja kabla ya kwako jioni, mradi njia ina watu na mwanga. Ikiwa si salama, acha kabisa, ongeza mchana badala yake. Fikiria kwamba kipande hicho nacho ni dakika kumi, siku tano. Ukichanganya na za mchana umefikisha 100 bila kugusa usingizi wala muda wa watoto. Hamsini zilizobaki ni za Jumamosi au Jumapili, na hizo nenda na watoto. Huyo wa miaka minne hatatembea kwa mwendo wako, lakini mpe mpira uone kama hutatweta.

Ngazi nazo zina namna yake. Nadhani siku ile lifti ilipoharibika ulipanda haraka, kwa wasiwasi wa kuchelewa au wa kuonekana. Mtu asiyezoea akipanda hivyo hufika ghorofa ya pili akiwa amekwisha. Panda polepole, pole kuliko unavyodhani inafaa, unyayo wote ukanyage ngazi, kiwiliwili kisiiname sana mbele, vuta pumzi kwa puani ukiweza. Lifti ikiwa inafanya kazi, panda kwa miguu mpaka ya pili kisha malizia na lifti. Pumzi ikitulia haraka, baada ya wiki mbili tatu panda mpaka ya tatu. Mzee aliyekupita hakuzaliwa na mapafu ya pekee. Sidhani hata kama alikuona umesimama.

Misuli watu wengi wa ofisini huisahau, na wanawake zaidi. Kuanzia miaka ya thelathini na kuendelea misuli hupungua kidogokidogo kama haitumiki, na ndiyo inayokupandisha ngazi, inayobeba mtoto aliyelala, inayoshikilia mgongo kwenye kiti. Siku mbili kwa wiki, jikoni, wakati maji yanachemka. Simama mbali kidogo na meza ya jikoni au kaunta iliyo imara, weka viganja ukingoni, mwili unyooke kutoka kichwani hadi kisiginoni, shusha kifua taratibu mpaka karibu kiguse ukingo, kisha jisukume urudi. Pumua nje wakati wa kusukuma. Mara nane zinatosha kuanzia, na zikiwa nzito simama ufanyie ukutani. Kisha vuta kiti, kaa na uinuke mara kumi bila kutumia mikono, ukishuka polepole, usijidondoshe. Maliza kwa kusimama kwa vidole na kurudi, mara kumi na tano, ukishika kaunta. Maji yakiwa bado, rudia mzunguko. Jambo moja tafadhali, kwa sababu ya presha yako: usibane pumzi unaposukuma au kuinuka. Kubana pumzi kunaipandisha ghafla, na hilo ndilo tusilolitaka.

Kuhusu mapaja yaliyokuuma ukashikilia ukuta: uliyakimbiza kama ya mtu aliyezoea. Misuli isiyozoea ikifanyishwa kazi mpya, hasa ya kukimbia mteremko au kuchuchumaa, huuma zaidi siku ya pili au ya tatu kisha maumivu yanaondoka yenyewe. Hayakuwa ugonjwa wala ishara kwamba umri umepita. Ungepumzika siku mbili huku ukitembea kidogo, ukarudi kwa nusu ya kiasi kile, pengine ungekuwa unakimbia mpaka leo. Kukimbia kutakuja ukikutaka. Kwa sasa tembea.

Sasa hili la kuacha, ambalo naona ndilo linalokuumiza zaidi. Ulikosa siku kadhaa kwa sababu mtoto aliumwa, na mama yeyote angekosa. Kilichokutoa kwenye kikundi ni haya ya kurudi, wala si zile siku. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha mwaka 2010 uchunguzi wa watu walioanza tabia mpya za kila siku, kama kutembea baada ya mlo au kunywa maji. Kwa wastani ilichukua siku 66 tabia ikawa inajifanya yenyewe. Kwa wengine ilikuwa siku 18, na kwa wengine makadirio yalifika 254. Walichokiona pia ni kwamba kukosa siku moja hakukurudisha mtu nyuma kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo usijipe wiki mbili ukajihukumu kwamba umeshindwa, na ukikosa siku usilipe deni kwa kufanya mara mbili kesho yake. Ukikosa wiki nzima, kwa safari au kuuguza, rudi kwa nusu ya ulikokuwa, siku yoyote ile, hata Alhamisi. Jumatatu yako ya kila wiki naomba uisahau. Imekuwa mlango wa kuahirishia.

Jimu usilipie sasa. Si kwamba ni mbaya, walimu wazuri wamo. Lakini jimu inahitaji safari, nguo, foleni na saa nzima, na wiki ya kufunga hesabu huna hata kimoja kati ya hivyo. Baada ya miezi sita, ukiwa bado unatembea, tutazungumza.

Nimefika kwa mume wako, na hapa nitasema wazi kwa sababu nakupenda. Katika barua yako yote, zamu ya pili umeiandika kwa "mimi": jikoni mimi, madaftari mimi, nguo za kesho mimi. Yeye simwoni humo. Inawezekana anafanya mengine usiyoyaandika, na umesema si mtu mbaya, nami nakuamini. Lakini swali lake, kwamba umechoka unakwenda kujichosha tena, linaonyesha hajui uchovu wako ni wa namna gani. Akili imechoka kwa namba, mgongo na shingo vimechoka kwa kukaa, lakini moyo na miguu havijafanya kazi tangu asubuhi. Watu wanaokaa kutwa wakianza mazoezi mepesi ya mara kwa mara, wengi huripoti uchovu umepungua, haukuongezeka. Mwambie hivyo. Lakini kabla ya hapo mwonyeshe karatasi yenye 134 kwa 86, maana nashuku hajaiona. Mume anayeogopa mkewe achoke ataogopa presha zaidi akiielewa.

Kisha usimwombe "anisaidie". Ombi pana namna hiyo hujibiwa "sawa" na kesho hakuna kilichobadilika. Mpe kitu kimoja chenye siku na saa: "Jumanne na Alhamisi, saa moja na nusu hadi saa mbili, madaftari ni yako." Hapo utafanya mazoezi yako ya misuli bila kukatizwa, au utatembea karibu na nyumbani. Na madaftari yakiwa yake, yawe yake. Akikosea kusaini ukurasa usirudi kusahihisha mbele ya mtoto, vinginevyo wiki ijayo yatarudi mikononi mwako.

Hilo la kuona vibaya kuwaacha watoto nalielewa, na sitakwambia usilisikie. Nitakwambia tu jinsi nilivyoupanga muda: dakika za mchana hawapo, za kituo cha basi hawapo, za Jumamosi mko pamoja. Unachomwachia baba yao ni nusu saa mara mbili kwa wiki, na hata hiyo wako na mzazi wao.

La mwisho ni la hospitali, na hili usilicheleweshe. Kuishiwa pumzi ngazini mara nyingi ni kutozoea tu, na pumzi hurudi baada ya dakika moja mbili za kusimama. Lakini kwa mwanamke wa umri wako anayechoka hivi, naomba upimwe pia wingi wa damu, hasa kama hedhi yako ni nzito. Upungufu wa damu humfanya mtu atwete ngazini na achoke mchana kutwa, na hapo mazoezi peke yake hayatibu, unahitaji kutibiwa chanzo chake. Na wakati wowote, ukitembea au ukipanda, ukisikia kifua kinabana au kinauma, maumivu yakielekea mkononi au kwenye taya, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, moyo kwenda mrama, au pumzi isiyorudi hata ukipumzika, simama hapohapo, omba msaada, upelekwe hospitali siku hiyohiyo. Usijisukume.

Presha ipimwe tena baada ya miezi mitatu. Mazoezi ya kutembea kwa kasi yanaweza kuishusha namba ya juu kwa pointi kadhaa, zaidi kwa wenye presha ya juu na kidogo kwa iliyoanza tu kupanda kama yako, kwa hiyo usitarajie miujiza, ila hata pointi chache zina thamani. Na mara hii isipimwe kwa foleni na haraka. Usinywe kahawa nusu saa kabla, nenda chooni kwanza, kaa kimya dakika tano mgongo umeegemea, miguu yote miwili sakafuni bila kukunja nne, mkono umelala mezani usawa wa moyo, na usiongee kipimo kikiwa kinasoma. Wapime mara mbili, mkipishanisha dakika moja au mbili. Ukishaziandika namba hizo, niandikie, uniambie pia umefika ghorofa ya ngapi.